Michango ya Msiba Watoto Wameijua, ya Matibabu Je?

Nyuma ya wodi yetu ya watoto upo uwanja mdogo wenye mwembe. Ndugu wa wagonjwa hupikia hapo na kuanika nguo hapo, na watoto walioanza kupata nafuu huchezea hapo, pamoja na wale waliokuja na mama zao kwa kuwa nyumbani hakuna wa kuwaangalia. Mara nyingi mchezo wao ni hospitali. Kipande cha shina la mgomba kilichofungwa kitambaa ndiye mgonjwa. Kamba iliyoning'inizwa kwenye tawi ndiyo dripu.

Siku moja wakati wa kubadilishana zamu tulisimama dirishani tukiwatazama na kucheka. "Mama" alikuja mbio na mgonjwa wake mgongoni. "Nesi", msichana wa miaka kama sita, hata hakumtazama mgonjwa. Alinyoosha mkono akasema, "Umelipia? Nenda kalipie kwanza." "Mama" akajibu papo hapo, "Baba yake hajarudi. Naomba mpaka kesho." "Nesi" akageukia pembeni, akaendelea kuandika kwenye jani lake.

Tuliacha kucheka. Sauti ile tuliijua ni ya nani, na ile namna ya kugeukia pembeni tuliijua pia. Yule mwenzetu alikuwa amesimama pamoja nasi pale dirishani. Na jibu la yule "mama" tumelisikia usiku na mchana kwa zaidi ya miaka ishirini na mitano ya kazi hii.

Mwezi huu tumekusudia kuongea juu ya bima ya afya, kwa kuwa wengi mmetuuliza juu ya Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ambayo Bunge liliipitisha Novemba 2023. Lakini tunaona haifai kuanza na vifungu vya sheria. Tuanze na watoto wale chini ya mwembe, maana miaka kumi na mitano au ishirini ijayo hao ndio watakaotakiwa kuchangia, na masomo yao ya kuchangia wameshayaanza. Wanayapata kwetu.

MTOTO HUIGA HATA LISILO NA FAIDA

Wazee wetu walilijua jambo hili kabla ya vitabu, lakini wataalamu nao wamelichunguza. Mwaka 1961, huko Marekani katika Chuo Kikuu cha Stanford, Albert Bandura na wenzake walichukua watoto 72 wa shule ya awali. Baadhi yao walimwona mtu mzima akimpiga na kumtukana mwanasesere mkubwa wa kujazwa upepo. Wengine walimwona mtu mzima akicheza kwa utulivu, na wengine hawakuonyeshwa mtu yeyote. Baadaye watoto walipoachwa na mwanasesere yule, wale walioona mapigo walipiga, tena wengi kwa mapigo yale yale na maneno yale yale. Hakuna aliyewaambia wafanye hivyo.

Habari nyingine inatuhusu kwa karibu zaidi, kwa sababu sehemu yake ilifanyika katika ziwa letu hili, upande wa Uganda, kwenye kisiwa cha Ngamba ambako hutunzwa sokwe yatima. Victoria Horner na Andrew Whiten, wa Chuo Kikuu cha St Andrews cha Uskoti, waliwaonyesha sokwe sanduku lenye chakula ndani. Kwanza mtu alichokoa juu ya sanduku kwa kijiti, jambo lisilo na faida yoyote, kisha akafungua tundu la mbele na kutoa chakula. Sanduku lilipokuwa la giza, sokwe waliiga yote. Lilipokuwa la kuonyesha ndani, waliona kwamba kule kuchokoa juu ni kazi bure, wakaelekea kukuacha na kwenda moja kwa moja kwenye tundu. Kisha wakajaribiwa watoto wa binadamu wa miaka mitatu na minne, kule Uskoti. Wao waliiga yote, hata kwenye sanduku la kuonyesha ndani. Matokeo yalichapishwa mwaka 2005.

Msicheke mkidhani sokwe ni hodari kuliko mtoto. Mtoto huiga kwa sababu anatuamini. Akiona mama au baba anafanya jambo, huchukua kwamba lina sababu hata kama yeye haioni. Ndiyo njia anayojifunzia kunawa mikono, kupiga magoti na kusalimia wakubwa. Ubaya ni kwamba kwa njia hiyo hiyo hujifunza kumeza vidonge viwili vya dawa ya malaria na kuficha vilivyobaki kwenye mkebe, kwa sababu amemwona baba akifanya hivyo. Hujifunza kwamba mtu akishikwa na homa, siku ya kwanza hungojewa, siku ya pili huendwa duka la dawa, na siku ya tatu, usiku, ndipo hutafutwa pikipiki ya kumpeleka hospitali. Hakuna mzazi aliyewahi kumkalisha mtoto na kumfundisha mpango huu. Lakini waulizeni watoto wenu wa darasa la tatu homa hutibiwaje nyumbani, watawaeleza kwa utaratibu huo huo, siku kwa siku.

PESA YA KAHAWA ILIYO BADO MAUA

Tuje kwenye fedha. Wenye umri wetu mnakumbuka wakati ambapo katika hospitali za Serikali matibabu yalikuwa bure. Mwaka 1993 ulianza utaratibu wa kuchangia huduma. Mwaka 1996 Mfuko wa Afya ya Jamii ulianza kujaribiwa wilayani Igunga, na mwaka 2001 ukapata sheria yake. Mwaka huo huo wa 2001 Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulianza kazi kwa watumishi wa Serikali, kwa makato ya asilimia 3 ya mshahara kutoka kwa mtumishi na asilimia 3 kutoka kwa mwajiri. Mfuko wa jamii uliboreshwa mwaka 2018, na katika mikoa mingi kaya ya watu sita ikawa inalipa shilingi 30,000 kwa mwaka. Njia zimekuwa nyingi, lakini hata hivyo wengi wanaofika dirishani petu hulipa fedha taslimu, siku ile ile ya ugonjwa, na siku hiyo ndiyo mbaya kuliko zote za kutafutia fedha.

Wakulima wa kahawa wa Kagera mnaijua butura. Mti bado una maua, mwenye shida anamwita mnunuzi, anapewa fedha kidogo, na msimu ukifika kahawa yote si yake tena. Serikali imeipiga marufuku mara nyingi na bado ipo. Sisi hatununui kahawa, lakini tunaweza kuwaambia kwa nini haifi, kwa sababu tumewasikia akina baba wakipiga simu kwenye veranda ya wodi saa nne za usiku. "Ndiyo, ile ya bondeni. Yote. Wewe nitumie tu leo." Mtoto aliyelala ndani ana miaka saba, anaongezewa damu. Ndugu yake wa miaka kumi ameketi karibu na baba kwenye benchi, anasikia. Hapo amejifunza namna ya kulipia hospitali: shamba la bondeni huuzwa usiku kwa simu.

Ndiyo maana tunaiunga mkono sheria hii, tena bila kusitasita. Nia yake ni kwamba kila mkazi wa nchi awe na bima kabla ya kuugua, na wasio na uwezo walipiwe kutoka katika mfuko ambao vyanzo vyake ni pamoja na ushuru wa soda, pombe, vipodozi na michezo ya kubahatisha. (Kuhusu hiyo michezo ya kubahatisha tungependa kuandika siku nyingine. Vijana wengi huweza kumtajia nesi timu alizowekea fedha wiki hii, lakini uzito wa mtoto wao hawaujui.)

Kuunga mkono si kufumba macho. Muswada ulipopelekwa Bungeni mwaka 2022, Wizara ilitaja shilingi 340,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita. Wengi walishtuka, na walikuwa na haki. Mkulima wa hapa hapati mshahara wa mwezi, anapata fedha msimu wa kahawa, kati ya Mei na Oktoba, na kidogo kwa ndizi na maharage. Anayetaka mkulima huyu achangie, apange tarehe za malipo kwa kalenda ya kahawa, amruhusu alipe kidogo kidogo. Tena kaya ya watu sita ni kaya ya nani? Katika parokia zetu mama ana watoto saba, na bibi yupo chumba cha nyuma, na wapo wawili walioachwa na dada aliyefariki. Mama huyu atachagua nani wa kuacha nje ya kadi? Na atachagua mbele ya macho yao.

Muswada wa kwanza ulitaka pia watu wasukumwe kwa kufungiwa huduma nyingine, kama leseni ya udereva, hadi waonyeshe bima. Msukumo wa namna hiyo humleta mtu dirishani mara moja. Anayelipa kwa kusukumwa hulalamika njia nzima kurudi nyumbani, na mtoto aliyekaa mbele kwenye baiskeli husikia malalamiko yote.

MTOTO MWENYE MAJINA MAWILI

Tuna jambo ambalo tumesita kuliandika, lakini tumekubaliana liandikwe, bila majina.

Ilikuwako Toto Afya Kadi, bima ya mtoto mmoja mmoja aliye chini ya miaka 18, kwa shilingi 50,400 kwa mwaka. Wazazi wengi waliipenda. Ila wengi pia walingoja mpaka mtoto awe na ugonjwa wa kudumu ndipo waikate, na Mfuko ukaeleza kwamba unalipa hospitali kuliko unavyokusanya. Machi 2023 uandikishaji wa mtoto mmoja mmoja ulisitishwa, watoto wakatakiwa waandikishwe kupitia shule au bima ya familia. Hesabu za Mfuko tunazielewa. Mfuko wa wagonjwa watupu hauwezi kusimama, kama vile chama cha kuweka na kukopa hakisimami kikiwa na wakopaji watupu. Lakini sisi tulikuwa dirishani wakati ule, tukaona wazazi walivyofanya.

Usiku mmoja alikuja mama na msichana wa miaka sita hivi, ana homa, anapumua kwa shida. Kadi ipo. Tukamwuliza mtoto jina lake, akajibu vizuri, jina lililoandikwa kwenye kadi. Tukatoa jalada. Jalada lilisema mtoto ana selimundu, ambayo wengi huiita sikoseli. Daktari alipoona hivyo alifuata njia ya mgonjwa wa selimundu: maji ya mshipani, vipimo vingi, akaagiza damu iandaliwe. Kumbe mtoto alikuwa na nimonia, na hakuwa na selimundu hata kidogo. Kadi ilikuwa ya mtoto wa jirani. Kumwendeshea mtoto wa nimonia maji mengi ya mshipani bila sababu si mchezo, yanaweza kumzidishia shida ya kupumua. Saa nane za usiku mama alimwona mtoto anazidi kuhema, akaanza kulia, akasema kweli.

Mtoto alipona, tunashukuru. Lakini kuna jambo lililotuuma kuliko maji yale. Siku mbili zilizofuata, kila nesi aliyepita kitandani na kumwita kwa jina lake la kweli, mtoto alinyamaza. Akiulizwa "Unaitwa nani?" alitaja jina la kwenye kadi. Mama alikuwa amemfundisha vizuri, njiani, juu ya pikipiki, naye alijifunza vizuri. Hakuna aliyekumbuka kumwambia kwamba sasa imekwisha. Mpaka mama alipompakata na kumnong'oneza ndipo alipokubali kuwa yeye ni yeye.

Hatumhukumu mama yule. Alikuwa amekwisha kuuza kahawa ya mtini kwa ajili ya kaka yake huyo mtoto mwezi mmoja nyuma. Jirani aliyetoa kadi alitoa kwa huruma. Na mmoja wetu, tuseme ukweli wote, aliiona picha kwenye kadi ile usiku ule, akaona masikio si yale, akanyamaza kwa huruma hiyo hiyo. Huruma za watu watatu zilikaribia kumwua mtoto. Na yule mtoto wa jirani, mwenye selimundu hasa, jalada lake sasa lilikuwa na nimonia ambayo hakuugua, na dawa ambazo hakumeza. Ilitubidi tukae na daktari tulisahihishe ukurasa kwa ukurasa.

Basi, kuazimana kadi si kama kuazimana jembe. Kwa sheria ni udanganyifu. Kwa mgonjwa ni hatari. Na kwa mtoto ni somo kwamba ukienda hospitali, jina lako huliacha nyumbani.

KUFA NA KUZIKANA

Tunasikia watu wakisema Waafrika hatujazoea bima. Hatukubali. Hakuna kijiji hapa kisicho na chama cha kufa na kuzikana. Kila kaya imeandikwa kwenye daftari. Kila mmoja hutoa shilingi zake kwa tarehe, hujulikana nani analeta kuni, nani analeta ndizi, nani anachota maji. Asiyechanga hutozwa faini, na akikaidi hutengwa, jambo ambalo watu hapa huliogopa kuliko polisi. Mtu hulipa miaka kumi bila kufiwa. Je, mmewahi kumsikia akisema, "Nimechanga mwaka mzima na nyumbani kwangu hakufa mtu, nimeliwa"? Hasemi. Akisema hivyo watu watamshangaa. Hiyo ndiyo bima, wapendwa, tena bima ya watu wote, ya lazima, inayosimamiwa na kijiji bila ofisi.

Na watoto wameijua. Tangu wakiwa wadogo wametumwa na mkungu wa ndizi kichwani: "Peleka msibani kwa fulani." Wameona mama akifungua fundo la khanga na kutoa elfu moja, wamemwona katibu akiandika. Hawakufundishwa darasani. Waulizeni vijana wenu wa miaka ishirini waliohamia mjini, hata yule asiyekumbuka kumpigia mama yake simu hutuma mchango wa msiba.

Sasa linganisheni na bima ya matibabu. Mtoto anaona nini? Anamwona baba mwisho wa mwaka akiitazama kadi na kusema, "Mwaka huu hatukuugua, hela yetu imekwenda bure." Neno hili moja hubomoa zaidi ya mahubiri kumi ya ofisa wa bima. Mtoto anaelewa kwamba kutougua ni hasara. Mwaka unaofuata baba halipi, na hakuna katibu anayekuja kumtoza faini.

Usiku mmoja wa zamu tulivu, wodi imelala, tulijihesabu sisi wenyewe. Mmoja wetu mwaka ule alichangia misiba kumi na mitatu. Tulipomwuliza ni wagonjwa wangapi aliowachangia kabla hawajafa, alifikiri sana, akakuta wawili. Katika hao kumi na watatu tuliozika, baadhi tuliwauguza sisi wenyewe, na tunakumbuka ni siku ya ngapi ya ugonjwa walifikishwa.

Wala tusijifanye wema. Sisi tunaokatwa mshahara hatukuwahi kuchagua bima, makato yalikatwa kabla hatujaona fedha. Watoto wetu walikua wakiona kadi tu, kama kitu kilichozaliwa pamoja nao. Hawakuona siku hata moja mama akilipia. Wakafikisha umri wa kutolewa kwenye kadi ya mzazi, ikawa basi. Mtoto wa mwenzetu mmoja, dereva wa bodaboda, alivunjika paja akiwa hana bima ya aina yoyote. Mama yake ameeleza watu faida za bima kwenye kliniki miaka mingi. Alituambia, "Nilimwambia kila mtu. Yeye sikumwonyesha." Mguu uliungwa kwa mchango wa wafanyakazi, yaani kwa namna ile ile ya msiba, ila safari hii mwenyewe alikuwa hai akaona.

Kwa hiyo tunalowaomba ninyi wazazi ni dogo. Mnapolipia bima, mlipie mbele ya watoto. Wekeni kibubu cha afya, na mtoto ndiye atumbukize sarafu baada ya kuuza maparachichi. Siku ya kuandikishwa, njooni nao, waone mnavyotaja majina yao, kila mmoja lake la kweli. Mwaka ukiisha bila ugonjwa, semeni kwa sauti wasikie kwamba mwaka huu fedha yetu ilimtibu mtoto wa mtu mwingine, kama wengine walivyotuzikia bibi. Na jumuiya ndogo ndogo zenye daftari la msiba, kwa nini daftari hilo hilo lisiwe na ukurasa wa kukumbushana tarehe ya bima? Jumuiya moja katika parokia yetu ilianza hivyo mwaka juzi. Kaya tatu zilipokwama wakati wa masika, wenzao waliwakopesha mpaka kahawa ilipoiva, na wamekwisha rudisha.

UPANDE WETU WA DIRISHA

Haya yote hayatafaa kitu ikiwa mtoto akifika kwetu anaona kadi imedharauliwa. Machi 2024 baadhi ya hospitali zisizo za Serikali zilisitisha kwa muda kupokea wenye kadi za Mfuko wa Taifa, kwa sababu ya mvutano wa bei za kitita kipya. Waliokuwa na haki katika mvutano ule wajadiliane wenyewe. Sisi tunasema tu kwamba mzazi aliyechanga kwa tarehe, akarudishwa na mtoto mgongoni, amefundishwa jambo, na mtoto naye amefundishwa. Hata siku za kawaida yapo madogo. Mwenye kadi anaambiwa asubiri, mwenye fedha mkononi anapita. Mwenye kadi anaandikiwa dawa kisha anaambiwa akanunue nje. Mara nyingine ni kweli dawa hakuna, kwa sababu madai ya hospitali yanapochelewa kulipwa na watoa bima, stoo hukauka, na Serikali ikitaka sheria hii isimame ianze kwa kulipa hospitali kwa wakati. Lakini mara nyingine, tuungame, ni uvivu wetu wa kujaza fomu zile ndefu.

Baada ya siku ile ya mwembe tulikaa kikao. Tumekubaliana kwamba nesi wa mapokezi amtazame mgonjwa kwanza, amguse, apime homa na kuhesabu pumzi, ndipo aulize habari ya kadi au fedha. Utaratibu huo kwa wagonjwa wa dharura ulikuwepo siku zote kwenye karatasi ukutani. Meza ya karani tumeisogeza, sasa ipo baada ya meza ya nesi, si kabla yake. Hatuwezi kusema tumebadilika wote. Siku ikiwa na wagonjwa wengi ulimi hurudi kwenye maneno yake ya zamani. Chini ya mwembe pia, juma lililopita, "nesi" mpya wa miaka mitano alikuwa bado anasema, "Nenda kalipie kwanza," ingawa mwenzake alimkatiza: "Si umpime homa!"

Wanaotaka kujua namna ya kujiunga na bima wafike ofisi ya ustawi wa jamii, karibu na maabara, asubuhi kabla ya saa sita. Mtaelezwa viwango na huduma zilizomo. Waliokuwa wakipata msamaha wa matibabu, wakiwemo wazee, nao waje waulize nafasi yao, wasidhani imefutika. Leteni vyeti vya kuzaliwa vya watoto na vitambulisho vya wazazi. Ikiwezekana, leteni na watoto wenyewe.